Boma si Nyumba: Ujenzi wa Kujitegemea na Afya ya Kaya Sitalike

Barabara itokayo Mpanda kuelekea kusini hufika Sitalike baada ya takribani kilometa 37. Hapo ndipo makazi yanapokoma na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, inapoanza. Mto Katuma hupita kando ya kijiji, na wakati wa kiangazi maji yanapopungua viboko hurundikana katika madimbwi yaliyobaki, hata wageni husimama kuwatazama. Kwa mwenyeji, kiangazi ni msimu wa kazi nyingine. Mvua zikishakatika na mazao yakishaingia ghalani, udongo hukandwa, matofali huanikwa, matanuru huwashwa na kuta huinuka. Mvua zinaporejea mwezi Novemba, nyingi kati ya kuta hizo huwa zimefika kwenye linta. Baadhi yake huwa zimepata paa. Nyingine husubiri msimu mwingine, na mwingine tena.

Watanzania wana neno la jengo la namna hiyo. Zamani boma lilikuwa ngome au makao ya mkuu wa wilaya. Siku hizi, katika taarifa za halmashauri na katika mazungumzo ya mafundi, boma ni kuta zilizosimama bila paa. Kuna maboma ya zahanati, maboma ya madarasa, na yaliyo mengi kuliko yote, maboma ya watu binafsi. Ujenzi wa kujitegemea vijijini, uwe wa kaya moja au wa kikundi, hupimwa zaidi kwa idadi ya kuta zilizoinuliwa. Kwa macho ya tabibu kipimo hicho kina kasoro kubwa, kwa sababu mambo yanayomkinga mtoto na maradhi ndani ya nyumba karibu yote huwekwa baada ya kuta kumalizika. Fedha nazo huwa zimemalizika pamoja na kuta.

Nyumba kama kinga

Mbu jamii ya Anopheles, aenezaye malaria, humtafuta binadamu usiku kwa kufuata harufu ya mwili na hewa ya ukaa itokayo katika pumzi. Akikutana na ukuta hupanda nao kwenda juu, na huko juu hukuta mwanya ulioachwa kati ya ukuta na paa. Mwanya huo huachwa ili moshi na joto vitoke, au kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuuziba. Ichukuliwe nyumba ndogo ya mita 6 kwa 7. Mzunguko wa kuta zake ni mita 26. Mwanya wa sentimita 15 tu, ukizunguka nyumba nzima, una eneo la karibu mita 4 za mraba. Hiyo ni sawa na milango miwili iliyoachwa wazi usiku kucha, ingawa mwenye nyumba amefunga mlango wake kwa komeo na kulala akiamini yu salama.

Umuhimu wa jambo hili hauhitaji maelezo marefu katika ukanda wa magharibi. Utafiti wa kitaifa wa afya na malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 8 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea vya malaria. Tabora, mkoa unaopakana na Katavi, ulikuwa na asilimia 23.

Nchini Gambia, matokeo ya jaribio lililofanyika katika nyumba zipatazo 500 yalichapishwa mwaka 2009. Baadhi ya nyumba ziliwekewa nyavu kwenye milango na madirisha na mianya yake ikazibwa. Nyingine ziliwekewa dari ya wavu peke yake. Nyingine ziliachwa zilivyokuwa. Katika nyumba zilizoachwa, watoto 30 kati ya kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Katika makundi mawili yaliyokingwa, idadi hiyo ilikuwa takribani 20. Kuta za nyumba hizo hazikubadilishwa. Kilichobadilika ni matundu.

Sakafu nayo ina hesabu yake. Katika sakafu ya udongo, funza hupata vumbi la kuzalia, mayai ya minyoo hubaki hai, na mtoto atambaaye hupeleka mkono mdomoni pamoja na uchafu wote alioukanyaga mkubwa. Katika nyufa za sakafu na kuta hizo hujificha papasi, ambao hutoka usiku kuwanyonya waliolala na kuwaachia homa irudiayo kwa vipindi. Nchini Meksiko, serikali ya jimbo la Coahuila ilipowawekea watu maskini sakafu za saruji kuanzia mwaka 2000, watafiti walikadiria kwamba mahali ambapo sakafu yote ya udongo ilibadilishwa, maambukizi ya vimelea vya tumboni kwa watoto yalipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Familia hizo hazikupewa nyumba mpya; zilipewa sakafu tu.

Mwanya, wavu, sakafu, choo, na mahali pa kupikia pasipojaza moshi chumbani: hivi ndivyo viungo vya nyumba vinavyogusa mwili moja kwa moja. Kwa bahati mbaya, ndivyo pia viungo ambavyo desturi ya ujenzi huviweka mwisho wa orodha.

Kwa nini kuta hutangulia

Ingekuwa rahisi kuwalaumu wajenzi, lakini lawama hiyo isingekuwa ya haki. Mkulima wa mpunga, mahindi au tumbaku hupata fedha mara moja kwa mwaka. Akiziweka ndani, zitaliwa na ada, na msiba, na ndugu mwenye shida. Akizigeuza kuwa tofali, hakuna atakayekuja kuazima tofali. Boma ni benki ya mtu asiye na benki, na kila mstari wa matofali ni akiba ambayo mfumuko wa bei hauwezi kuila. Zaidi ya hayo, ukuta huonekana na wapita njia, na mwenye boma la vyumba vinne huhesabiwa kuwa mtu aliyeanza maisha. Wavu wa dirishani hauna heshima hiyo.

Tatizo ni kwamba benki hii hutoza riba kwa njia ya siri. Matofali mabichi, au yaliyochomwa nusunusu, hulika kwa mvua. Mchwa huingia kwenye fito zilizotangulizwa. Juu ya kuta huota majani. Wakati huohuo familia huendelea kulala katika kibanda cha zamani, na watoto ambao nyumba ilijengwa kwa ajili yao hupita umri wa hatari kubwa ya malaria, yaani miaka mitano ya kwanza, kabla paa halijafika. Boma likichukua miaka sita kukamilika, mtoto aliyezaliwa siku msingi ulipochimbwa hatapata kinga yake hata usiku mmoja katika miaka aliyoihitaji zaidi.

Historia ya kujengewa na kujijengea

Magharibi mwa Tanzania pana kumbukumbu ndefu ya watu kuhamishwa na kutakiwa kujenga upya. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwakusanya watu wengi wa ukanda huu katika makazi makubwa, ikikusudia kuwaepusha na mbung'o na ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, na pamoja nayo kampeni ya nyumba bora. Mwaka 1977, Mwalimu Nyerere alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba watu wanasubiri saruji na bati ilhali udongo mzuri wa matofali na vigae upo chini ya miguu yao. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1973 kwa matumaini ya kuwafikia pia wakulima, ilifungwa mwaka 1995.

Lipo funzo jingine karibu zaidi na Sitalike. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Wakimbizi hao walipewa ardhi, wakafyeka msitu, wakajenga nyumba zao wenyewe na kulima hadi wakajitosheleza kwa chakula. Serikali ilipoamua kuwapa uraia wakimbizi zaidi ya 160,000 wa kundi hilo, kwanza iliwataka wahamie mikoa mingine kabla ya kukabidhiwa vyeti. Mpango wa kuwahamisha ulikuja kuachwa, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Katika miaka ya kungoja, ni nani angekuwa na moyo wa kumwaga sakafu katika nyumba ambayo huenda angeiacha mwakani? Mtu hujenga cha kudumu pale anapojua kwamba atadumu.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ya mpango wowote wa ujenzi katika kijiji kinachopakana na hifadhi, ambako mpaka hauwezi kusogezwa, ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutoa hatimiliki ya kimila. Karatasi hiyo hutangulia msingi kwa umuhimu, ingawa haichanganywi na zege.

Kumaliza kidogo kabla ya kuanza kikubwa

Ufanisi katika ujenzi wa kujitegemea hauanzi na mashine. Huanza na mpangilio wa kazi. Kanuni yake ni nyepesi kuitaja na ngumu kuifuata: chumba kimoja au viwili vimalizwe kabisa, kuanzia msingi hadi wavu wa dirisha, kabla ya chumba cha tatu kuanza. Ramani ya nyumba kubwa ichorwe tangu mwanzo, na msingi upangwe kwa namna ambayo nyongeza itaungana na cha kwanza bila kubomoa. Kwa njia hii akiba ya mkulima hubaki ukutani kama alivyotaka, lakini kila mwaka sehemu iliyokwisha huwa inafanya kazi ya kukinga watu waliolala ndani yake.

Kanuni ya pili ni kununua vya mwisho kwanza. Wavu wa madirisha, misumari, na mifuko michache ya saruji ya sakafu vitengewe fedha kabla matofali ya ziada hayajafyatuliwa. Saruji haivumilii kuwekwa muda mrefu mahali penye unyevu, kwa hiyo ni busara kikundi kikubaliane na muuzaji mmoja wa Mpanda na kuchukua mzigo kwa pamoja siku ya kumwaga sakafu inapokaribia. Gari moja likibeba mizigo ya kaya kumi, gharama ya usafiri kwa kila kaya hupungua sana kuliko kila mtu akikodi lake.

Kanuni ya tatu ni ya ushirikiano. Ujima si jambo geni kwa Wapimbwe, Wakonongo, Wabende, Wafipa wala Wasukuma waliohamia Katavi kwa wingi. Kila jamii ina namna yake ya kuitana shambani na kumalizia siku kwa chakula. Ujima wa ujenzi mara nyingi hukwama kwa sababu moja: aliyekwisha kujengewa hupunguza kasi ya kuwajengea wenzake. Katika mashamba ya California, nchini Marekani, ambako vibarua wa kilimo wamekuwa wakijengeana nyumba tangu miaka ya 1960, vikundi vya familia zipatazo kumi hufuata sharti linalotibu ugonjwa huo: hakuna familia inayohamia nyumba yake mpaka nyumba zote za kikundi zimalizike. Familia zenyewe hutoa takribani asilimia 65 ya nguvu kazi, na msimamizi wa ujenzi huwafundisha hatua kwa hatua. Sharti hilo lingeweza kuonekana kali Sitalike, ambako mvua haisubiri. Hata hivyo kiini chake kinafaa: kikundi kiwe kidogo, kaya tano au sita, hatua ifanywe kwa nyumba zote kabla ya kwenda hatua nyingine, na fundi mmoja mzuri alipwe na wote badala ya kila mtu kutafuta wake wa bei nafuu. Misingi yote ifanywe Mei na Juni, kuta hadi Agosti, mapaa Septemba, mianya, nyavu na sakafu Oktoba. Mvua ya kwanza ikute kaya zote ndani.

Kuni, udongo na mashimo

Jengo likikamilika kwa kuangamiza kilicho jirani yake haliwezi kuitwa endelevu. Tanuru la matofali hula kuni kwa siku kadhaa mfululizo, na kuni hizo hutoka katika miombo ileile inayokaushia tumbaku, inayotoa mkaa, na inayotunza maji ya Katuma. Msitu ukipungua, mama hutembea umbali mrefu zaidi kutafuta kuni za kupikia.

Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambao chimbuko lake ni kitengo cha utafiti wa ujenzi kilichoanzishwa mwaka 1971, umekuwa ukieneza matofali ya kufungamana. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida sehemu moja kwa sehemu kumi au zaidi kutegemea aina ya udongo, kisha hushindiliwa kwa mashine ya mkono. Tofali halichomwi, hufunikwa na kumwagiliwa maji kwa siku kadhaa hadi likomae. Kwa kuwa hufungamana lenyewe, halihitaji saruji nyingi ya kuunganishia. Mashine moja ikimilikiwa na vikundi kadhaa kwa zamu inaweza kuzungushwa kijijini msimu mzima. Sharti lake ni udongo kupimwa kwanza, kwa maana udongo wenye mfinyanzi mwingi hupasuka na wenye mchanga mwingi humomonyoka.

Liko pia jambo ambalo watu wa afya hulitaja mara chache: shimo. Kila nyumba ya matofali huacha shimo ulikochimbwa udongo wake. Mvua ikinyesha, shimo hilo huwa dimbwi lenye jua na lisilo na samaki, makazi ambayo viluwiluwi vya Anopheles huyapenda. Watafiti magharibi mwa Kenya wamewakuta humo hata wakati wa kiangazi. Hivyo mjenzi huweza kuziba mwanya wa nyumba yake na papo hapo akawafugia majirani mbu nyuma ya ua. Mpango mzuri huchagua eneo moja la kuchimba, mbali na makazi, na hupanga siku ya kufukia kabla ya mvua au kuligeuza shimo kuwa la choo. Kufukia kuhesabiwe kuwa sehemu ya ujenzi, kama kuezeka.

Uimara nao una sura ya pekee katika ukanda huu. Katavi na Rukwa ziko kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4, na tarehe 5 Desemba 2005 jingine la 6.8 lilipiga Ziwa Tanganyika. Linta inayozunguka kuta zote bila kukatika, na kenchi zilizofungwa imara kwenye linta hiyo, si mapambo ya fundi wa mjini. Ndizo zinazozuia ukuta usiwaangukie waliolala.

Kiasi cha matumaini

Tanzania imekuwa mahali pa majaribio ya nyumba za aina mpya. Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, zilijengwa nyumba sita za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa lakini si mbu, baadhi zikiwa za ghorofa; mbu walioingia walikuwa wachache mno kuliko katika nyumba za kawaida, hasa ghorofani. Mkoani Mtwara, mradi wa Star Homes ulijenga nyumba 110 katika vijiji 60 ili kupima athari zake kwa malaria, kuhara na maradhi ya njia ya hewa kwa watoto. Somo la majaribio hayo kwa mjenzi wa Sitalike halimlazimu kuiga ghorofa. Linamwambia kwamba hewa na mbu vinaweza kutenganishwa: chumba kikipitisha hewa kupitia wavu, joto hupungua, watu huvumilia kulala ndani ya chandarua, na harufu iwaitayo mbu hutawanyika.

Hapa pia ukweli wote unapaswa kusemwa. Jaribio jingine la Gambia, la miaka ya 2016 na 2017, liliweka mapaa ya bati na nyavu katika nyumba za watu ambao tayari walikuwa na vyandarua vyenye dawa, na halikuonyesha kinga ya ziada dhidi ya malaria. Nyumba bora haiondoi chandarua, wala haiondoi haja ya kumpeleka mtoto mwenye homa zahanati siku hiyohiyo. Ni ukuta mmoja wa ngome yenye kuta kadhaa, na kila mmoja una siku zake za kushindwa.

Hata hivyo mwelekeo ni wa kutia moyo. Watafiti walikadiria kwamba watu waishio katika nyumba bora Afrika kusini mwa Sahara waliongezeka kutoka asilimia 11 mwaka 2000 hadi 23 mwaka 2015. Sehemu kubwa ya badiliko hilo ililetwa na watu wenyewe, kwa jembe, kwa ndoo na kwa mavuno ya kila mwaka. Nguvu ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuuliza swali linalofaa kabla ya tofali la kwanza.

Swali hilo linaweza kuulizwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye tayari hupita nyumba kwa nyumba akikagua vyoo na vyandarua. Na fundi, anayesikilizwa kuliko daktari katika mambo ya ujenzi. Na serikali ya kijiji, inapogawa kiwanja. Si swali la vyumba vingapi, wala la bati la rangi gani. Ni hili: mtoto wa nyumba hii atalala wapi mvua ya kwanza itakaponyesha, na mbu atapita wapi kumfikia?

Mwenye kuweza kulijibu kwa vyumba viwili vilivyokamilika amejenga. Mwenye kuonyesha kuta za vyumba sita na anga juu yake bado ana boma.